Majogoo Tuliowala

Kaloleni, Nairobi, Alhamisi usiku

Mwanangu Otieno,

Barua ya kawaida ingeanza kwa kukuuliza hali, lakini umelala hapo nyuma ya pazia na nasikia unavyojigeuza kitandani. Hali yako naijua: umenikasirikia. Naandika kwa sababu maneno ya mdomo wangu yamekwisha thamani humu ndani. Nikisema jambo, mama yako anaendelea tu kuchambua mboga, na wewe unatazama nje dirishani. Siwalaumu. Nimesema "kesho" mara nyingi mno kwa mdomo huu, basi leo nimeamua kuupumzisha.

Mambo ya kufua nguo, kuchagua marafiki na kwenda kanisani mama yako amekwisha kukuambia, na amekuambia vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mimi nina jambo moja tu.

Leo asubuhi nilinunua jogoo. Nilimnunua mwenyewe kule soko la Gikomba, mwekundu mwenye mkia mweusi, nikamleta nyumbani nimemkumbatia kwapani huku watu wakiniuliza tuna sherehe gani. Mama yako alimtazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Nimchemshe au nimkaange?"

Hakuwa akitania. Aliuliza kama anavyouliza kila siku kama chai iongezwe majani. Nilikaa kitandani na jogoo mikononi mwangu nikalia, Otieno. Nina umri huu wote, na leo nimelia nimeshika kuku.

Wewe umezaliwa Nairobi, na mambo ya kwetu Gem unayajua nusunusu kwa kosa langu, kwa hiyo acha nikueleze kama mtu mzima. Kwetu mwanamume akishaoa huanza maisha ndani ya boma la baba yake, katika kibanda cha ujana kilicho karibu na lango. Hapo bado si kwake. Wakati ukifika hutoka akaanzishe boma lake, na hatoki kama mtu anayehama chumba cha kupanga. Hutoka alfajiri akiongozwa na mzee wa ukoo, mwenyewe ana shoka, mkewe amebeba moto, na mwanawe wa kwanza wa kiume ameshika jogoo. Nyumba husimamishwa siku hiyohiyo, hata kama ni ya udongo na nyasi, na wote hulala humo. Jogoo yule akiwika asubuhi, pale pamekuwa nyumbani.

Halafu kuna sharti lililonifanya nikose usingizi. Mdogo hajengi kabla ya mkubwa wake. Mimi ndiye mkubwa, na baba yako mdogo Okoth ndiye anayenifuata. Maadamu mimi sijatoka, Okoth hawezi kutoka, hata awe na mali, hata awe na mvi. Na mvi anazo.

Sasa nikukumbushe majogoo. Tangu ulipoanza kutembea, kila mwaka livu yangu, likizo ya kiwandani, ikikaribia, mama yako alinunua jogoo wa safari. Alimfunga kamba mguuni na kumficha chini ya kitanda ili askari wa kanju, wale wa baraza la jiji waliokataza kufuga kuku, wasimwone. Utakumbuka jinsi Mama Wanjiru wa mlango wa pili alivyokuwa akigonga ukuta na kusema, "Baba Otieno, hiyo jogoo yenu inaamsha sisi saa kumi. Si mchinje tu?" Na mwishowe tulimchinja. Mwaka mmoja walikuja wageni, na sikuwa na kitu kingine cha kuwapa. Mwaka mwingine uliugua surua, ukahitaji supu. Mwaka mwingine ilikuwa Krismasi tu, livu imekwisha kupita, na jogoo amenona. Ulifurahi sana siku hizo. Kwa desturi firigisi ni ya baba, lakini nilikuachia wewe, nikajiona baba mwema kuliko wote katika Kaloleni nzima. Nilikuwa nakulisha jogoo ambaye ulipaswa kumshika.

Sikumbuki walikuwa wangapi. Mama yako anakumbuka, lakini naogopa kumuuliza.

Huenda unafikiri nilikuwa nadanganya watu. Laiti ningekuwa nadanganya. Kila sababu niliyoitoa ilikuwa ya kweli. Mvua ilinyesha kweli mwaka ule, na barabara ya kwenda kwetu ikakatika. Bei ya mabati ilipanda kweli. Ulikuwa na mtihani wa darasa la saba kweli. Kiwandani walikuwa wanapunguza watu kweli, na mtu aliyeomba livu siku zile alikuwa anajitafutia kufukuzwa. Kisingizio cha uongo kingenisuta, ningekiona kinavyonuka. Hivi vyangu vilikuwa safi, mtu yeyote angevikubali, na nilivikusanya nikavikalia hadi miaka ikaisha. Ukiwa huko uendako ukajikuta una sababu nzuri sana ya kutofanya jambo, sababu ambayo hata adui yako angekubaliana nayo, hapo ndipo ushtuke.

Wala usidhani mimi ni mvivu. Watu wa kwetu wananiita hivyo, na inaniuma. Miaka yote hii katika kiwanda cha blanketi kengele haijawahi kunikuta nje ya lango. Umeniona nikitembea kwenda Industrial Area na homa, nimejifunga sweta la mama yako kifuani. Kazi ya wengine sijawahi kuilaza. Iliyonishinda ni ile isiyo na kengele. Hakuna aliyesimama langoni kunikata mshahara kwa kutojenga boma langu. Alikuwepo Okoth tu, na Okoth hana kengele, ana subira.

Nikueleze kuhusu nyasi. Mwaka ulipokuwa darasa la nne nilimtumia Okoth habari kwamba nakuja, safari hii hakuna mchezo. Akakata miti, akaipanga. Akaingia mtoni kukata nyasi za kuezeka, akazifunga mafungu mafungu na kuzikausha. Siku niliyosema ningefika alikuja na mkokoteni hadi barabarani, pale Luanda, kituo cha kushukia kwetu, akasubiri basi la kwanza, la pili, hadi la mwisho. Sikuwemo. Nilikuwa hapa Kaloleni, nimekaa kwenye kiti hiki, buheri wa afya, na nauli mfukoni.

Nyasi zile zilioza. Mwaka uliofuata alikata nyingine, mchwa wakazila. Akakata tena. Hakuwahi kunitumia neno moja la matusi. Alichofanya ni kuniuliza kila mara, kwa sauti ileile, "Ndugu yangu, safari hii nikate nyingi au kidogo?"

Sababu hasa ya kutokwenda ile siku ya mkokoteni sijapata kumwambia mtu. Ilikuwa nyasi. Niliona aibu. Mimi, mtu wa Nairobi, niliyevaa viatu vya kung'aa kwenye matanga ya watu, nitoke mbele ya ukoo mzima niende kulala chini ya nyasi? Nilitaka mabati. Nilitaka saruji sakafuni na madirisha ya kioo, watu wapite wakiuliza hapo ni kwa nani. Kwa hiyo nikasema ngoja nipate mabati. Mabati yalipokaribia nikasema ngoja nipate na saruji. Ile nyumba kichwani mwangu ilizidi kuwa nzuri kila mwaka, na kiwanja kilizidi kuota vichaka.

Kuna lingine chini ya hilo, na ni vigumu kuliandika. Nilikuwa naogopa. Mtu akijenga kwao anakubali mbele ya kila mtu kwamba amefika pale alipofikia. Maadamu sijajenga, ningeweza bado kuwa mtu mkubwa. Nyapara labda, au mwenye duka. Ningejenga kwa nyasi, wangejua kwamba Nairobi haikunipa kitu. Nikaona heri waendelee kungoja wakidhani kinakuja kikubwa. Okoth alilala katika kibanda cha kijana, na mkewe na watoto wote, ili mimi niendelee kuota ndoto yangu.

Wiki mbili zilizopita alikuja hapa, ulimwona. Alisema amekuja kukuaga na kumwona daktari. Uliona miguu ilivyovimba, hawezi kufunga kamba za viatu. Uliona alivyokuwa akipumzika katikati ya sentensi. Tulipokwisha kula ulijifanya unasoma, lakini najua ulisikia kila kitu. Alisema, "Ndugu yangu, sikuja kugombana. Nataka tu kujua, nikifa nitazikwa wapi? Nina mke na watoto watano. Nitalala pale langoni kwa baba kama kijana ambaye hajaanza maisha?"

Ulimwengu mzima ulikuwa unaningoja nitoe jibu. Nikasema, "Krismasi. Krismasi lazima."

Okoth alicheka. Alicheka kidogo tu, kwa upole, halafu akaomba maji. Hapo ndipo uliposimama ukasema yale uliyosema. "Baba, hiyo stori ya Krismasi nimechoka nayo. Mimi sitakuja. Tafuta mtoto mwingine akushikie jogoo."

Nilikukaripia mbele yake, nikakwambia uwe na adabu. Ningekuwa mwanamume ningenyamaza. Ulikuwa umesema kweli, na kwa niaba ya mtu ambaye alikuwa mpole mno kujisemea. Niliona uso wa Okoth ulivyobadilika uliposema vile. Sijui kama ni huzuni au shukrani, lakini kwa mara ya kwanza hakunitazama mimi, alikutazama wewe.

Tangu siku hiyo hatujasema neno, na kesho unaondoka. Najua mpango wako: upande basi la asubuhi hadi Kisumu bila kugeuka, ukalale kwa rafiki yako hadi Jumatatu chuo kitakapofunguliwa. Basi litaendelea hadi Luanda, na wewe hutakuwemo.

Nitakwambia lingine litakalokuudhi. Ulipomaliza mtihani ulimwambia Okoth utakwenda kumsalimu. Ukasema baada ya matokeo. Matokeo yakaja, ukasema baada ya kupata chuo. Chuo ukapata, na ikabidi mgonjwa aje kwako. Siandiki haya kukusuta. Nilipokusikia ukisema "baada ya matokeo" nilihisi mwili mzima umepoa, kwa sababu ilikuwa sauti yangu. Mwendo umeuchukua kwa mama yako, na akili pia. Hilo moja nakusihi usilichukue kwangu. Huanza hivyo tu, Otieno, kwa jambo dogo, kwa mtu anayekupenda na ambaye unajua hatakukasirikia. Wale wanaoweza kutukasirikia tunawahi. Tunaowachelewesha ni wale wanaotusamehe.

Jana nilimwendea nyapara kuomba siku nne. Akasema, "Wewe Ochola, mwezi hii hapana. Ngoja mwezi ingine." Na nikuambie kitu cha kutisha: nilifurahi. Kwa dakika moja hivi, nikiwa nimesimama pale na mavumbi ya pamba kichwani, moyo wangu ulitulia, kwa sababu nilikuwa nimepata sababu nyingine, na nzuri. Nilitembea hadi kwenye mashine yangu nikiwa mwepesi. Halafu nikaiona miguu ya Okoth. Niliiona pale kwenye mashine, viatu visivyofungika.

Leo sikwenda kazini. Kengele imelia mimi nikiwa Gikomba nikichagua jogoo. Huenda nikirudi nisikute kazi, na mama yako analijua hilo, nimemwambia. Nilipomaliza kulia nilimwambia kila kitu. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo. Kisha akamchukua jogoo mikononi mwangu, akamfunga kamba mguuni, akamweka chini ya kitanda mahali palepale pa siku zote. Baadaye nilimwona akichukua kisu cha jikoni na kukipandisha juu ya kabati, asikoweza kukifikia mwenyewe bila kiti. Sasa hivi yupo macho, amelala akitazama dari, na kila jogoo akijitikisa anageuza kichwa.

Basi ninachokuomba ni hiki. Usiahirishe safari yako. Hilo sitakuomba kamwe, tena ningejichukia. Nakuomba siku mbili ambazo ungelala Kisumu. Ushuke nasi Luanda kesho jioni. Miti aliyokata Okoth ipo, aliiweka juu darini miaka yote hii. Nyasi zimekomaa, na majirani watakuja wakiitwa, maana wamengoja kama yeye. Jumamosi alfajiri ushike jogoo, mama yako abebe moto, tutoke. Itakuwa nyumba ya nyasi, ndogo, huenda hata imepinda. Nitalala humo nikiwa nimenyooka. Siku chache baadaye Okoth naye anaweza kutoka, hata kama itabidi abebwe. Jumatatu utakuwa chuoni pamoja na wenzako, hutakuwa umechelewa hata saa moja.

Sikumtumia Okoth habari kwamba tunakuja. Habari zangu amezipokea za kutosha. Sijui tutamkuta katika hali gani. Naomba Mungu atupe siku hizi chache, na naona haya kuomba, maana nilipewa miaka nikaila pamoja na majogoo.

Hapa chini kuna mistari nimeikata, unaweza kuisoma ukiinua karatasi kwenye mwanga. Nilikuwa nimeandika kwamba wewe na mama yako mtangulie stendi, mimi nipitie kiwandani kwanza nikamweleze nyapara vizuri, kisha niwafuate. Nilipoisoma niliona ni nini. Nimeikata. Tutatoka mlango huu pamoja, sote.

Lakini najijua, Otieno, na wewe unanijua. Ninaogopa asubuhi. Ninaogopa nitaamka na sababu ambayo sijaifikiria bado, na itakuwa ya kweli kama zile nyingine. Kwa hiyo naandika hili nikiwa na akili zangu timamu. Basi linaondoka saa tatu. Likiwashwa na mimi siko ndani, usitume mtu kuniita na usishuke kunitafuta. Panda na mama yako. Mkifika, mwambie Okoth ajenge. Mwambie mimi mkubwa wake nimesema anipite, na wazee wakikataa wasomee ukurasa huu. Kwetu mkubwa akipitwa hivyo, anahesabiwa kama mtu asiyekuwepo. Nimelipima hilo, na nimelikubali, mradi Okoth asizikwe langoni.

Na ukiwa pale stendi ukahisi moyo unakusukuma uningoje kidogo, dakika tano tu, basi lijalo tu, kumbuka uso wa baba yako mdogo pale barabarani na mkokoteni wake. Usinisubiri, mwanangu. Walionisubiri wametosha.

Baba yako